Punch halikuwa jarida la vibonzo peke yake
Ndugu, umeuliza kama Punch, jarida la London lililotoka kila wiki tangu 1841, lilichapisha vibonzo tu. La hasha. Mwanzoni mwa karne ya 20 mashairi na visa vifupi vya kuchekesha vilipewa nafasi ya heshima humo, na si ajabu, kwa maana Owen Seaman, aliyelihariri kuanzia 1906 hadi 1932, alikuwa mwenyewe mshairi aliyesifika kwa kuiga mitindo ya washairi wengine ili kuwatania. Mwaka huohuo wa 1906 A. A. Milne akawa mhariri msaidizi, akaandika visa vyepesi vya marafiki wanaocheza kriketi na kutembeleana mashambani, ambamo kicheko hutoka katika mazungumzo kuliko katika tukio lenyewe, na kwangu mimi hapo ndipo ustadi wake ulipo. Hata hivyo, shairi mashuhuri kupita yote lililowahi kutoka katika Punch si la kuchekesha: tarehe 8 Desemba 1915 jarida lilichapisha, bila jina la mtunzi, beti za John McCrae, daktari wa jeshi kutoka Kanada, kuhusu maua mekundu yanayochanua kati ya makaburi ya askari huko Flanders, eneo la vita nchini Ubelgiji.