Reale ya 1780 iliponiumbua harusini

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Tanga kanitumia picha: "Kaka, nimepata jambia la zama za Sayyid Said, sultani wa Zanzibar. Lina hadi sarafu, reale ya 1780. Nichukue?" Nilicheka, kisha kicheko kikanikwama. Huyo ni mimi wa miaka kumi na moja nyuma.

Langu nililinunua Mji Mkongwe kwa laki nane taslimu, wiki mbili kabla ya harusi. Muuzaji alinionyesha reale iliyotundikwa mkandani: sura ya mwanamke upande huu, tai na mwaka 1780 upande wa pili. Nikapiga hesabu, miaka zaidi ya mia mbili! Bei sikuomba ipunguzwe hata shilingi. Siku ya siku nikavaa joho na kilemba, jambia kiunoni.

Rafiki wa babu yangu, sonara tangu ujana wake, akalichomoa mbele ya wageni. Akapitisha kidole gumba kwenye bapa, akaligeuza, akalinusa. "Mwanangu, hili bati."

Shemeji zangu mpaka leo huniita Sayyid.

Alinifunza baadaye, barazani kwake. Yule mwanamke wa kwenye reale ni Maria Theresa, mtawala wa Austria. Alikufa 1780, lakini reale zake ziliendelea kupigwa Vienna, London, Roma hata Bombay, miaka na miaka, zote kwa mwaka ule ule. Masonara wenyewe walikuwa wakiziyeyusha wapate madini ya fedha ya kufanyia kazi. Reale haikwambii kitu kuhusu umri wa jambia. Bapa lililofuliwa kwa nyundo huwa na uti uliosimama katikati, nene mpinini, likipungua kuelekea nchani. Langu lilikuwa unene mmoja mwanzo hadi mwisho, kama mfuniko wa debe. Kisha akapindua ala, ule mfuko wa jambia. Ala iliyovaliwa hulainika kule inakosugua tumbo, na pete zake huliwa na mkanda. Yangu nyuma ilikuwa mpya kama mbele, na weusi wa kwenye nakshi ulikuwa wa kupakwa. Aliutoa kwa kitambaa chenye mate.

Basi ndugu zangu, geuza ala. Muuzaji atakupa mbele, wewe taka nyuma. Akianza habari za babu yake, geuza ala. Vijana mnapenda hadithi kuliko chuma, ndiyo maana mnaliwa. Na akikunong'oneza kwamba mpini ni pembe ya kifaru, ondoka: biashara yake ya kimataifa ni marufuku tangu 1977, utapoteza pesa na ukalale ndani.

Leo ninayo manne, yote ya kweli, na madalali wakiniona huficha mabati yao chini ya meza. Lile la harusi nalo ninalo. Mke wangu hukatia keki kila tarehe yetu ikifika, makusudi.

Kijana wa Tanga nilimwomba picha ya nyuma ya ala. Siku ya nne leo, tiki mbili za bluu, jibu hakuna.