Kimeshikwa wapi? Kutafsiri maneno ya Kihispania ya kuyumba na kubembea

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimesoma Kihispania kwa miaka minne na sasa napata kazi ndogondogo za kukitafsiri kwenda Kiingereza. Kinachonisumbua ni maneno ya kuyumba na kubembea. Kamusi yangu inanipa «swing» kwa «balanceo», «swing» kwa «vaivén», «swing» kwa «columpio», na hata kwa «oscilar» nayaona hayohayo. Mteja amenirudishia kazi akisema anaelewa ninachokusudia, lakini hakuna mwenye Kiingereza chake anayesema hivyo. Sentensi zilizonishinda ni tatu. Ya kwanza: «La madre mecía la cuna mientras el viento mecía los cocoteros», mama akibembeza kitanda cha mtoto huku upepo ukibembeza minazi. Ya pili: «El precio de la habitación oscila entre 40 y 60 euros», bei ya chumba ni kati ya euro 40 na 60. Ya tatu: «Después de tantos vaivenes, el negocio familiar sigue a flote», baada ya misukosuko mingi biashara ya familia bado inaelea. Je, kuna kanuni yoyote ya kushika?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Kanuni ipo, ila usiitafute kwenye kamusi. Kamusi inakuwekea neno mbele ya neno, na wewe unatakiwa ukitazame kile kitu chenyewe kinachoyumba. Kabla hujaandika neno la Kiingereza, jiulize: kitu hiki kimeshikwa wapi?

Kiingereza kina macho makali hapo. Kitu kilichoning'inia kutoka juu, au kilichofungwa upande mmoja kwa bawaba, kinafanya «swing»: taa ya darini, mtoto kwenye bembea, mlango, mkono wa mtu anayetembea. Kilichosimama juu ya mzizi au msingi wake huku kichwa kikiwa huru kinafanya «sway»: mnazi, ghorofa refu, mtu aliyelewa kabla hajaanguka. Kilichokalia kitako cha mviringo, au kilichobebwa na maji au mikononi, kinafanya «rock»: kitanda cha mtoto chenye miguu ya upinde, mashua gatini, mtoto anayelazwa.

Kihispania hakijali sana mahali pa kushikia. Kinajali namna ya mwendo na hisia yake. «Mecer» ni kuyumbisha taratibu, kwa upole, na upole huo ndio moyo wa neno. Kwa hiyo mama anaweza «mecer» kitanda, upepo ukaweza «mecer» minazi, na mtu akaweza «mecerse» ndani ya machela ya kamba. Kitenzi ni kimoja. Ukivuka kwenda Kiingereza unakutana na vitatu: kitanda «rock», minazi «sway», machela «swing», kwa kuwa machela imefungwa juu pande mbili.

Sentensi yako ya kwanza basi, kwa maandishi ya kawaida, ni hii: «The mother rocked the cradle while the coconut palms swayed in the wind.» Angalia nilivyogeuza nusu ya pili. Kihispania kimeufanya upepo kuwa mtenda. Kiingereza hakikatazi upepo «to sway» mti, lakini masikioni inakaa vizuri zaidi mti ukiyumba wenyewe ndani ya upepo. Hata hivyo kuna kitu tumekipoteza, na kinaniuma: mwandishi amerudia «mecía» makusudi. Anataka tuuone upepo ukiilea minazi kama mama anavyomlea mtoto. Ikiwa hii ni hadithi na si kijitabu cha watalii, ningeshika marudio hayo: «The mother rocked the cradle as the wind rocked the palms.» «Rock» kwa minazi inabeba nguvu zaidi kidogo kuliko «mecer», lakini ule mlinganisho wa mama na upepo unabaki hai. Kwa hiyo rudi kwenye matini, uone ni ya aina gani, ndipo uamue.

Nikiwa hapohapo kwenye machela, nikuonye. «Hamaca» ni neno la Wataíno wa visiwa vya Karibea. Wahispania walilichukua kwao, na Kiingereza kikalipata kupitia Kihispania likawa «hammock». Ukilikuta katika matini ya Mexico au Kolombia, mara nyingi tafsiri hiyo ni salama. Lakini Argentina na Uruguay, «hamaca» ni bembea ya watoto, ile ambayo Hispania inaitwa «columpio». Mwanzoni mwa kazi yangu nilitafsiri hati ya zabuni ya manispaa moja ya Argentina. Ilihusu kukarabati uwanja wa watoto, na mimi nikaandika kwamba watahitaji «hammocks» nane zenye minyororo ya chuma. Minyororo ile ilipaswa kunishtua. Hakuna anayelala kwenye machela ya minyororo. Tangu siku hiyo, kabla ya kugusa neno lolote la kubembea, naangalia kwanza matini imetoka nchi gani.

Kuna eneo moja ambapo kukosea neno hakuishii kwenye aibu: vyombo vya majini. Katika taarifa za meli, «balanceo» ni «roll», yaani meli kulala ubavu huu na kurudi ubavu ule. «Cabeceo» ni «pitch», omo, yaani mbele ya chombo, kupanda na kushuka, na Kihispania kimeitoa katika «cabeza», kichwa, kana kwamba chombo kinatikisa kichwa kwa usingizi. «Guiñada» ni «yaw», omo kuchepuka kulia na kushoto, na nje ya bahari neno hilo lina maana ya kukonyeza jicho. Ukiandika «swing» kwa «balanceo», mkaguzi wa bima ataona meli nyingine kabisa, kwa sababu meli nayo ina «swing» yake: ile ya kuzunguka nanga upepo au mkondo unapogeuka. Hiyo Wahispania wanaiita «bornear». Halafu ipo «escora», chombo kilicholala upande mmoja kikabaki hivyohivyo. Hiyo ni «list». Chombo kinachofanya «balanceo» bado kinarudi, bali chenye «escora» kina jambo ndani: shehena imehama au maji yameingia. Mtafsiri akichanganya hayo mawili, anaweza kuigeuza taarifa ya ajali ikasema kinyume.

Neno la baharini ninalolipenda kuliko yote ni «bandazo». Ni ule mlalo wa ghafla na wa nguvu, wimbi linapokipiga chombo ubavuni. Kutoka hapo Wahispania wanasema serikali au kampuni «va dando bandazos», leo sera hii, kesho ile. Watu wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa: chombo kinakwenda mrama, na mambo nayo yanakwenda mrama. Safari ni ileile, kutoka baharini hadi kwenye mambo ya watu. Kiingereza nacho kina «lurch»: «the government lurched from one policy to another». Hapo «swing» ingekuwa pole mno, maana «swing» ina utaratibu na «bandazo» haina.

Tuje kwenye sentensi ya pili, na hapa sina mjadala mrefu. «Oscilar entre» ikifuatwa na namba mbili, mara nyingi haina kuyumba kokote ndani yake. Chumba hakipandi na kushuka bei kutwa nzima. Kipo cha 40 na kipo cha 60. Andika «Room rates range from 40 to 60 euros.» Ukiandika «oscillate», msomaji atadhani mwenye hoteli hana msimamo. Vivyo hivyo «oscilación térmica» ya jangwani ni «temperature range», tofauti kati ya joto la juu na la chini. Na «oscilar en torno a», kuzungukazunguka karibu na kiwango fulani, ni «hover around».

«Oscilar» halisi ipo, na ina sifa mbili: kuna mahali pa katikati, na mwendo unapita hapo tena na tena. Timazi ya saa inafanya hivyo. Tetemeko pia. Wakazi wa Jiji la Mexico, jiji lililoumizwa na matetemeko ya 19 Septemba 1985 na 19 Septemba 2017, hutofautisha katika mazungumzo ya kawaida tetemeko «oscilatorio» na «trepidatorio». La kwanza linakupeleka huku na huku, la pili linakurusha juu na chini. Kwa msomaji wa gazeti la Kiingereza, andika «side-to-side shaking» na «up-and-down jolting», kwa sababu «oscillatory earthquake» haitamfikishia lile ambalo bibi wa Mexico analijua miguuni mwake. Na ukitafsiri maelezo ya jinsi jengo la Torre Latinoamericana, lililofunguliwa 1956, lilivyolihimili tetemeko la 1985, ulizo letu linakuja tena: jengo limeshikwa chini, kwa hiyo «swayed», taa za ndani zimeshikwa juu, kwa hiyo «swung». Aya ya Kihispania inaweza kutumia kitenzi kimoja kwa vyote viwili.

Mahali ambapo hupaswi kuchagua chochote ni kwenye istilahi zilizokwisha kuganda. «Oscilación del Sur» ni «Southern Oscillation» na si vinginevyo. Ndiyo ile seesaa ya mgandamizo wa hewa katika Pasifiki, upande mmoja ukipanda mwingine unashuka, inayopimwa kwa kulinganisha kisiwa cha Tahiti na mji wa Darwin, Australia, ikaunganishwa na El Niño, jina tulilolizoea sote huku tangu mafuriko ya 1997 na 1998. Kifupi cha Kihispania ni ENOS, cha Kiingereza ni ENSO. Geuza herufi pia, wengi wanasahau. Vilevile «banda de fluctuación» katika historia ya sarafu za Ulaya ni «fluctuation band». Peseta, sarafu ya Hispania ya wakati huo, iliingizwa katika utaratibu wa Ulaya wa kuwekea sarafu mipaka ya kupanda na kushuka Juni 1989, ikiruhusiwa asilimia 6 juu na asilimia 6 chini ya kiwango cha kati, na Agosti 1993 mipaka ikapanuliwa hadi asilimia 15. «Fluctuación» yenyewe haina taabu. Ni kupanda na kushuka kusikofuata mpangilio, na «fluctuation» inatosha karibu kila mahali.

«Balancear» ndiyo inayowanasa hata wazoefu. Hispania, «balancearse» ni kuyumba, kinyume kabisa cha «to balance» ya Kiingereza. Lakini Mexico na sehemu kubwa ya Amerika ya Kilatini, «dieta balanceada» ni mlo kamili, na «balanceo de llantas» ni kusawazisha magurudumu ili yasitetemeke, kazi ambayo Hispania wanaiita «equilibrado de ruedas». Neno moja, bahari ikiwa katikati, na maana mbili zinazopingana.

Imebaki «vaivén», na nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo tajiri kuliko zote. Imeundwa kwa kwenda na kuja, «ir» na «venir», na haikuambii kitu kimeshikwa wapi wala kinayumba kwa namna gani. Ndiyo maana Kiingereza kinaikatakata. «Puerta de vaivén», mlango wa jikoni mgahawani unaosukumwa pande zote mbili, ni «swing door». «Movimiento de vaivén» ya pistoni ni «reciprocating motion», na fundi mitambo hatakubali jingine. «El vaivén de las caderas» ni «the sway of the hips», kwa kuwa mwili umesimama juu ya miguu. «El vaivén de la gente» sokoni ni «the comings and goings». «Vaivenes» za soko la hisa ni «swings». Za maisha ni «ups and downs».

Hapo unaweza kuimaliza sentensi yako: «After so many ups and downs, the family business is still afloat.» Ni tafsiri sahihi na mteja ataipokea. Lakini soma tena Kihispania chake. «Sigue a flote» ni chombo ambacho hakijazama, na karibu na chombo hicho «vaivenes» zinaanza kunukia maji ya chumvi. «Ups and downs» inaukausha mwanzo wa sentensi. Nilipokwama hapa niliipitisha kwanza katika Kiswahili, kama ninavyofanya mara nyingi. Sisi tungesemaje? Biashara imesukwasukwa na mawimbi, bado inaelea. Kusukwasukwa kwa Kiingereza ni «to be tossed about», na sentensi ikaja: «After being tossed about for so long, the family business is still afloat.»

Ipi uipeleke? Pekua matini yote uone kama mwandishi anarudi baharini mahali pengine: dhoruba, usukani, bandari. Akirudi, peleka hii ya pili. Asiporudi, ikiwa ni barua ya kampuni iliyotumia «a flote» kwa mazoea tu, peleka ya kwanza. Na ile kazi iliyorudishwa, mwombe mteja akuonyeshe mistari aliyoipigia alama. Pitia kila penye «swing», ukiuliza kitu hicho kimeshikwa wapi.