Makala 80 na bado uko ukurasa wa nne: kabla hujanunua viungo vya tovuti, soma hapa

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Una makala 80, umeandika mbili kila wiki kwa miezi kumi hivi, na ukitafuta kwenye Google tovuti yako inajitokeza ukurasa wa nne au haionekani kabisa. Sasa unataka tukuchagulie: ununue viungo 500 (links, zile za tovuti nyingine zinazoelekeza kwenye yako) kutoka kwa yule jamaa aliyekuandikia barua pepe, au uongeze kasi uwe unatoa makala moja kila siku. Usifanye hata moja. Nasema hivyo kwa sababu nilifanya yote mawili.

Tovuti yangu inahusu kutengeneza cherehani. Nilipoianza nilikuwa fundi tayari, ila kituko ni kwamba sikuandika kama fundi. Niliandika kama mtu aliyesoma makala za mafundi. Nilikuwa nafungua kurasa tano za juu za Google, nasoma, nachanganya, natoa maneno 1500 kwa kuwa niliambiwa Google inapenda makala ndefu. Karibu zote zilianza na "Cherehani ni kifaa muhimu sana katika maisha ya kila siku". Fikiria mtu uzi unamkatikia kila akikanyaga, nguo ya mteja iko mezani, halafu mimi namhubiria umuhimu wa cherehani.

Nilifika makala 212. Zilizokuwa zinaleta wasomaji kutoka kwenye utafutaji zilikuwa 19.

Hiyo namba niliipata Search Console, na katika swali lako hujaitaja hata mara moja, jambo linalonitia wasiwasi. Ni chombo cha bure cha Google. Unathibitisha kwamba tovuti ni yako, kisha kinakuonyesha watu waliandika maneno gani, ukurasa wako ulijitokeza mara ngapi, ukabofywa mara ngapi, na kwa wastani ulikuwa nafasi ya ngapi. Kinatunza takwimu za miezi 16. Mimi nilikaa miaka miwili bila kukifungua, nikishangilia tu kile kihesabio cha wageni kilichokuwa chini ya tovuti. Nusu ya wale wageni nadhani nilikuwa mimi mwenyewe.

Nilipokifungua, kitu cha kwanza kilichoniaibisha ni kwamba kurasa zangu zilikuwa zinagombana zenyewe kwa zenyewe. Nilikuwa na makala nne za uzi kukatika: moja sababu zake, nyingine kwa nini, nyingine namna ya kuzuia, na ya nne sijui hata niliiandika ya nini. Zote zilikuwa zinaelea kati ya nafasi ya 30 na 50, leo hii iko mbele, kesho ile. Google haikujua imchague nani, na kusema kweli hata mimi nisingejua, maana zilisema yaleyale. Nilikaa siku mbili nikachukua kilichokuwa na maana katika kila moja, nikakiweka kwenye ukurasa mmoja, na anwani tatu zilizobaki nikazielekeza kwenye huo kwa elekezo la kudumu, lile la namba 301. Hakuna kazi nyingine niliyofanya kwenye tovuti ile iliyolipa haraka kama hiyo. Katika makala zako 80, naweka dau kuna familia kama hizo tano au sita.

La pili ni yale maneno yenyewe. Mimi nilikuwa nimekazana na "ufundi cherehani", neno pana ambalo kila mtu analigombea. Kumbe watu waliokuwa wanafika kwangu walikuwa wanaandika mambo kama "charahani inaruka mishono kitambaa kinachovutika". Angalia, hata tahajia si yangu. Wengine wanaandika cherehani, wengine charahani, wengine mashine ya kushona. Sikuwa na ukurasa wa mishono kurukwa. Nilikuwa na sentensi moja tu, imejificha katikati ya makala ya vitambaa, na kwa sentensi hiyo moja Google ilikuwa inanionyesha nafasi ya 14.

Kwa hiyo nikaandika ule ukurasa, na safari hii sikufungua makala ya mtu yeyote. Nilikaa na cherehani. Mishono kurukwa kwenye kitambaa kinachonyumbuka mara nyingi ni kosa la sindano: ncha kali hutoboa nyuzi za kitambaa, kitambaa kinavutwa juu pamoja na sindano, na kitanzi cha uzi wa juu hakifunguki vizuri ili ndoano ya chini ikinase. Sindano ya ncha ya mviringo hupenya kati ya nyuzi badala ya kuzitoboa. Nilipiga picha ncha mbili za sindano kupitia kioo cha kukuzia, nikashona kipande kilekile kwa kila sindano, nikaonyesha mishono ilivyotoka. Nikaongeza na lile ambalo makala nyingine hazikuwa nalo: ukibadilisha sindano na tatizo likabaki, angalia kama umeiingiza mpaka juu kabisa, kisha ndipo ushuku kwamba ndoano na sindano hazikutani kwa wakati. Mafundi wengi wanaanza na hilo la mwisho na kufungua mashine nzima bure. Huo ndio ukurasa wangu unaosomwa kuliko zote mpaka leo.

Hapo ndipo nilipoelewa neno "ubora" linalorudiwa na kila mtu bila kulifafanua. Ukurasa wako una kitu gani ambacho msomaji akitoka kwenye kurasa kumi za juu hatakuwa amekipata? Inaweza kuwa picha uliyopiga, kipimo ulichochukua, kosa ulilofanya na jinsi lilivyokugharimu, au jibu lililo wazi pale wengine wanapozunguka. Kama hakuna, basi umeandika nakala ya kumi na moja. Google wana mwongozo wa wakaguzi wanaopima matokeo ya utafutaji, na Desemba 2022 waliongeza humo kigezo cha uzoefu wa mwandishi, juu ya utaalamu, mamlaka na kuaminika vilivyokuwapo. Wale wakaguzi hawashushi wala kupandisha ukurasa wako moja kwa moja, na hakuna "alama" unayopewa. Ukimwona mtu anauza huduma ya kukuongezea alama hizo, funga mazungumzo.

Urefu nao usikusumbue. Google wenyewe wamesema hawana idadi ya maneno wanayoipendelea. Nina ukurasa wa maneno kama 300 unaojibu sindano iwekwe ikitazama wapi: kwenye cherehani nyingi za nyumbani upande bapa wa shina hutazama nyuma, na za kiwandani, ambazo shina lake mara nyingi ni la mviringo, unafuata mfereji mrefu wa sindano. Picha mbili, basi. Niliwahi kuurefusha ufike maneno 1200 na sikuona faida yoyote, nikaupunguza tena.

Sasa viungo. Nilinunua, kutoka kwa muuzaji nisiyemtaja. Vikaja kutoka kwenye tovuti zinazoandika kila kitu: meno, nyumba, kamari, na katikati yake cherehani. Kwa wiki kadhaa nilijiona mjanja. Kisha ndani ya Search Console ikaingia taarifa ya adhabu iliyowekwa na mtu wa Google, si programu yao, kwa viungo visivyo vya asili. Nililazimika kuandikia wenye tovuti wavifute (wawili walinijibu wakinidai pesa ya kufuta), vilivyobaki nikavikana kwa chombo cha Google cha kukana viungo, nikaomba nifikiriwe upya, nikakataliwa, nikaomba tena. Na wala sikuwa na kisingizio cha kusema sikujua. Google walianza kupambana na viungo vya hila waziwazi kwa badiliko walilolipa jina Penguin, Aprili 2012. Kabla yake, Februari 2011, walikuwa wametoa Panda dhidi ya tovuti zinazomwaga makala nyepesi kwa wingi. Yaani mambo mawili unayotaka kuyafanya mwezi huu yana adui aliyezaliwa zaidi ya miaka kumi iliyopita.

Mwenzetu aliyekujibu kabla yangu anashauri utumie akili bandia kutoa hizo makala za kila siku. Google hawajakataza chombo chenyewe. Walichokataza katika sera walizotangaza Machi 2024 ni kuzalisha kurasa nyingi kwa lengo la kupandisha nafasi, ziwe zimetolewa na mashine, na watu au na vyote viwili. Mwezi huohuo mfumo wao wa kutambua maudhui yenye msaada, ulioanza Agosti 2022, uliingizwa ndani ya mfumo wao mkuu wa kupanga matokeo. Mimi akili bandia naitumia kukagua tahajia. Kuandika siitumii, kwa sababu itanipa ile sentensi ya kifaa muhimu katika maisha ya kila siku, na hiyo nilikuwa naiandika vizuri tu bila msaada.

Nilivyosafisha zangu 212: zile 19 niliziacha na kuziboresha kidogo kidogo. Nyingine 71 nikaziunganisha zikawa 22. Nikafuta 94. Zilizobaki 28 nikaziandika upya kabisa. Usifute kwa hasira, lakini. Kabla ya kufuta angalia kwanza kama kuna tovuti nyingine iliyoweka kiungo kuja kwenye ukurasa huo. Kama kipo, uelekeze kwenye ukurasa wa karibu badala ya kuuua. Na usifanye mchezo wa kubadilisha tarehe peke yake ili makala ionekane mpya. Nilifanya kwa makala 40 hivi, sikuona kitu.

Mambo ya kiufundi nitayapitia haraka maana hayakuwa tatizo langu, na sidhani ni lako. Sehemu ya "maneno muhimu" iliyofichwa kwenye msimbo usiijaze, Google walishasema mwaka 2009 kwamba hawaitumii kupanga matokeo. Kichwa cha ukurasa kiseme kilichomo, kwa maneno ya mtafutaji. Maelezo mafupi ya chini yake hayapandishi nafasi ila yanaweza kuvuta mtu abofye, ingawa mara nyingi Google huandika yao. Picha zipunguze uzito, na kitu kikubwa cha kwanza kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5. Fungua tovuti yako kwa simu, si kompyuta, maana Google huitazama kama simu inavyoiona. Na kurasa ziunganishe zenyewe: nilikuwa na makala yatima nyingi, hakuna ukurasa hata mmoja wa kwangu ulioelekeza kwao.

Kuhusu muda, jiandae. Baada ya usafi ule wiki za kwanza mibofyo haikupanda wala kushuka, kwa sababu nilichofuta hakikuwa kinaleta mtu. Mwezi wa tatu nilikaribia kurudisha kila kitu. Mabadiliko ya kueleweka yalikuja mwezi wa saba, yakaja kwa mkupuo, siku chache baada ya Google kutoa moja ya yale masasisho yao makubwa ya mfumo mkuu. Na si kurasa zote zilizopanda. Ile ya mkazo wa uzi nimeiandika mara tatu na bado iko nafasi ya 22. Juu yake kuna watu walioieleza vizuri kuliko mimi, nimesoma, sina la kubisha.

Fanya hivi kabla hujajibu ofa ya yule jamaa. Fungua Search Console, chukua miezi yote iliyopo, panga maneno kwa idadi ya mara ulizoonekana, kisha bakiza yale ambayo uko kati ya nafasi ya 8 na 20. Chukua kumi ya kwanza, andika pembeni ya kila moja ni ukurasa upi unaojitokeza, na kama ni zaidi ya mmoja andika yote. Ilete hapa tuangalie pamoja. Kama neno moja lina kurasa tatu, tutaanzia hapo.