Muulize Fundi: Mabomba kwanza, hita baadaye

*Fundi, hujambo? Najenga nyumba ya vyumba vitatu hapa Ruai, Nairobi, polepole, kadiri pensheni inavyoruhusu. Mabati yako juu, kuta bado hazijapigwa plasta. Maji yetu ni ya kisima cha kuchimbwa na yana chumvi. Nimeshasimamisha mnara wa chuma wa mita nne wa kuwekea tangi. Fundi wangu wa stima anataka kufunga shawa ya stima katika bafu zote mbili. Mwanangu aliye Manchester anasisitiza niweke boila moja ya gesi, ipashe maji na pia radieta, yale mabamba ya ukutani ya kutia joto kila chumba, kwa sababu mama yangu huumia sana na baridi ya Julai. Mke wangu anataka sola. Nimsikilize nani?*
— Mwalimu mstaafu, Ruai

Mwalimu, kwa wiki hii usimsikilize hata mmoja wao. Zungumza na fundi wa mabomba kabla mpiga plasta hajafika. Hita unaweza kununua hata mwaka ujao pensheni ikikaa vizuri, lakini bomba la maji moto lisipoingia ukutani sasa, mwaka ujao utalipa watu wabomoe vigae ulivyolipa watu wavibandike.

Mwambie aweke bomba la PPR, lile la kuchomelewa kwa joto, wala asikuletee PVC ya kawaida kwa maji moto, italegea. Lianzie mahali hita itakapokaa, lipite bafu zote mbili na sinki ya jikoni, na livishwe sponji ya kuzuia joto. Safari ya bomba iwe fupi. Mita 15 za bomba la milimita 25 hubeba lita tatu na ushee, na hayo ndiyo maji baridi utakayomwaga kila alfajiri ukingoja ya moto yafike. Kwa mtu anayelipia pampu ya kisima, hiyo si hesabu ndogo. Hita ikae karibu na bafu linalotumika zaidi, hata kama mahali pengine panapendeza zaidi ukiwa barabarani.

Sasa mnara wako. Hapa ndipo naona shida, na hakuna aliyekuambia. Hita ya sola ya kawaida haina pampu: maji yakipata joto kwenye paneli hupanda yenyewe hadi kwenye tangi lake, na maji baridi huingia kwa uzito wake kutoka tangi kubwa. Kwa hiyo kitako cha tangi kubwa lazima kiwe juu ya tangi la hita. Ukipandisha hita kwenye paa la nyumba kuu huku mnara una mita nne tu, maji hayatafika. Watakuuzia pampu ya presha, na siku stima ikipotea utakaa na sabuni usoni. Mwite yule wa kuchomelea vyuma aongeze mita mbili mnarani kabla tangi halijapanda. Kila mita ya kimo ni presha ya takriban 0.1 ya bar, na shawa za nyumbani huanza kuridhisha ukiwa na mita tatu au nne juu ya kichwa chako. Halafu uweke hita kwenye paa la chini, la veranda au la stoo, usiing'ang'anize kileleni.

Paneli itazame kaskazini. Nairobi iko kusini kidogo ya ikweta, na Juni na Julai jua hupita upande wa kaskazini. Hiyo ndiyo miezi unayohitaji kila mwale. Desemba jua likihamia kusini, joto litakuwa jingi hata hivyo. Na mwambie seremala mapema: lita 200 ni kilo 200 za maji, bado chuma na kioo. Mbao za paa ziongezwe hapo.

Lita 200 zinatosha watu wanne au watano. Kwa maji ya chumvi, usikubali aina ambayo maji ya kuoga yenyewe hupita ndani ya paneli. Chumvi na chokaa vitaziba. Itisha ile yenye maji yake maalum yanayozunguka kwenye paneli na kupasha tangi kutoka nje. Bei ni kubwa zaidi, ndiyo. Ndani ya tangi kuna fimbo ya magnesiamu inayoliwa na kutu badala ya tangi. Kwa maji kama yenu, ikaguliwe kila mwaka. Wauzaji wengi hawaitaji kabisa.

Mke wako basi ana haki, isipokuwa jambo moja: Julai wingu la Nairobi linaweza kukaa siku nzima. Hita iwe na elementi ya stima, yaani chuma cha kupashia maji, na saa ya kuiwasha. Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 18 hadi 60 hula karibu yuniti 10, kwa hiyo iwashwe jioni baada ya jua kufanya lake, isiachwe mchana kutwa.

Na fundi wa stima usimfukuze. Shawa ya stima husingiziwa mengi. Ya kilowati 5.5 ikiwaka dakika nane hula robo tatu tu ya yuniti. Udhaifu wake ni kwamba nguvu hiyo hupandisha joto kwa nyuzi 20 kwa takriban lita nne za maji kwa dakika, basi. Ndiyo sababu asubuhi za baridi watu hupunguza maji hadi yawe uzi. Funga moja, bafu la wageni, iwe ya aina iliyoandikwa kuwa ni ya maji ya chumvi. Mbili zikiwaka pamoja huvuta kama ampea 46, ongeza birika na pasi uone swichi kuu itasema nini. Waya wake uwe wa milimita 6 za mraba, wa peke yake kutoka kwenye boksi la swichi, na anayefunga awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya.

Kuhusu Manchester: kijana anasema kweli ya anakoishi. Kule gesi hufika nyumbani kwa bomba la mtaani na baridi hushuka hadi sifuri. Hapa gesi ni ya mtungi, na usiku wa Julai kwa kawaida ni nyuzi 11 au 12. Mimi ni mtu wa Malindi, nililala na sweta Julai yangu ya kwanza Nairobi, kwa hiyo simdharau mama. Lakini pesa za radieta ziweke kwenye dari. Mabati bila dari hupoteza joto lote usiku. Zibeni nyufa kati ya ukuta na paa, mama apewe chumba chenye dirisha la kaskazini au magharibi, madirisha yafungwe kabla jua halijazama. Akihitaji zaidi, hita ndogo ya stima ya kupasha chumba, ya kilowati moja na nusu, iwake kwa saa mbili kabla ya kulala. Kila siku hizo ni yuniti tatu, na kumbuka matumizi yakizidi yuniti 100 kwa mwezi Kenya Power inakuhamishia bei ya juu.

*Fundi, naishi chumba kimoja Kasarani. Usiku wa baridi naingiza jiko la makaa likishawaka vizuri bila moshi, nafunga mlango. Kuna ubaya?*

Kuna kifo. Makaa yasiyotoa moshi bado hutoa kaboni monoksaidi, na hewa hiyo haina harufu wala rangi. Hukulevya usingizini. Usilale na jiko ndani, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Jaza chupa maji moto, uifunge kwa kitambaa, uiweke miguuni.

*Nikigusa mfereji wakati shawa ya stima inawaka napigwa shoti ndogo. Landlodi anasema nivae ndara. Ni sawa?*

Si sawa. Waya wa athi, ule wa kupeleka ardhini stima inayovuja, ama haujaungwa ama umekatika, na elementi huenda imepasuka. Zima swichi ya shawa, usiiwashe tena mpaka fundi mwenye leseni apime athi kwa mita mbele yako. Mwandikie landlodi ujumbe wa simu ili kuwe na ushahidi, na kwa sasa oga kwa ndoo.