Ufunguo wa stoo: kwa mwalimu unayeanza kazi Busia

Mwalimu, karibu. Najua barua yako ya kuripoti bado iko kwenye bahasha na hujui hata choo cha walimu kiko upande gani. Nimefundisha shule za msingi huku Butula, kaunti ya Busia, kwa miaka 19, na karibu kila Januari namwona mwalimu mgeni akirudia kosa langu: anaingia kwenye darasa la watoto sitini, anafungua kitabu cha gredi ya 4 ukurasa wa kwanza, anaanza kufundisha.

Mwaka wangu wa tatu nilikuwa na kijana fulani wa dawati la pili, mwenye sauti kubwa kuliko wote. Tukisoma pamoja, yeye ndiye aliyetuongoza. Siku moja, sijui nini kilinituma, niliweka kidole katikati ya mstari nikamwuliza, "Neno hili ni lipi?" Akanyamaza. Kisha akarudi juu kabisa ya ukurasa, akaanza kunong'ona hadithi yote toka mwanzo, kidole kikiteleza juu ya maneno, mpaka akafika pale nilipomwekea. "Mtungi, mwalimu." Lilikuwa ni "kisima." Alikuwa ameshika ukurasa mzima kwa masikio. Maki zake za mdomo nilikuwa nampa nane juu ya kumi.

Kwa hivyo, wiki ya kwanza usifundishe sana. Pima. Kuanzia 2009, shirika la Uwezo lilipita nyumba kwa nyumba likiwapima watoto wa miaka 6 hadi 16 kwa maswali ya kiwango cha darasa la pili tu, na kila mara walipatikana watoto wa madarasa ya juu wasioyaweza. Njia yao haina gharama, iige. Andika karatasi moja: silabi chache, maneno kumi, aya fupi, hadithi fupi. Mwite mtoto mmoja mmoja chini ya mwembe, mbali na wenzake. Anza na aya. Akiisoma vizuri mpe hadithi, akikwama mrudishe kwenye maneno, akikwama tena mpe silabi. Dakika tatu zinamtosha mtoto mmoja. Andika alipoishia kwenye daftari lako mwenyewe, si kwenye rejista, maana rejista husomwa na kila mtu. Na kama hukuzaliwa huku, tafuta mtu wa kukufundisha maneno machache ya Kimarachi, au Kiteso ukipelekwa upande wa Amukura. Kuna mtoto anayeonekana hajui kusoma, kumbe hajaelewa tu unachomwuliza.

Ukimaliza utakuta darasa lako ni madarasa matatu, pengine manne, yaliyobanana kwenye chumba kimoja. Usishtuke, wala usimlaumu mwalimu aliyekutangulia. Alikuwa na sitini kama wewe.

Sasa kuhusu vitabu. Kila mkutano wa wazazi utasikia kwamba watoto wetu wako nyuma kwa sababu ya vitabu. Zamani ilikuwa kweli kwamba watoto wanne waligombania kimoja. Lakini tangu Tusome, mradi wa 2015 uliogawa vitabu vya kusomea kwa madarasa ya chini, na tangu serikali ianze kuleta vitabu moja kwa moja shuleni mwaka 2018, hali imebadilika sana. Hata hivyo pengo la kusoma halikuziba. Na jambo hili lilijulikana mapema, tena lilijulikana hapa hapa Busia. Mchumi Michael Kremer na wenzake waligawia shule za huku vitabu vya kiada miaka ya 90, kisha wakalinganisha na shule ambazo hazikupewa. Waliofaidika ni watoto waliokuwa tayari mbele. Wengine walibaki walipokuwa, kwa sababu vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wao kilikuwa lugha ya tatu, na viliwalenga wenye kasi. Kremer alikuja kupata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, pamoja na Esther Duflo na Abhijit Banerjee. Mimi huwakumbusha walimu vijana kwamba tuzo hiyo ina vumbi la barabara zetu.

Duflo na Kremer, pamoja na Pascaline Dupas, walirudi huku magharibi 2005 na jaribio jingine. Shule 121 zilipewa mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza. Nusu ya shule ziligawa watoto kwa kiwango chao, nusu ziligawa kwa bahati nasibu. Baada ya miezi 18, waliogawiwa kwa kiwango walikuwa wamewazidi wenzao, na si wale wa juu pekee. Hata wa chini walipanda, kwa kuwa hatimaye mwalimu alizungumza nao wao.

Wewe hutapewa mwalimu wa ziada. Unachoweza ni kuiba muda. Mimi naiba nusu saa baada ya chakula cha mchana, siku nne kwa wiki, na tulikubaliana na wenzangu wa gredi ya 3 na ya 5 tufanye saa hiyo hiyo. Watoto wa silabi kutoka madarasa yote matatu wanakwenda kwa mwalimu mmoja, wa maneno kwa mwingine, na wale wanaosoma hadithi wanakaa na mwalimu wa tatu, ambaye kwa kweli hana kazi kubwa, kwa hivyo tunapokezana kila muhula ili pasiwe na manung'uniko. Kadi za silabi tulikata kwenye katoni za sabuni. Usimsumbue mwalimu mkuu akununulie za dukani. Serikali humpangia mtoto wa msingi shilingi 1,420 kwa mwaka, ambayo ukiigawa kwa siku 365 haifiki hata shilingi nne, na hata hizo huchelewa.

Kosa nililolifanya hapo, usilifanye. Makundi niliyapa majina: Simba, Chui, na wa silabi nikawaita Kobe, nikijisifu moyoni kwamba watakumbuka jinsi kobe alivyomshinda mwenzake mbioni. Watoto walikumbuka tu kwamba kobe ni mzito. Wiki ya pili msichana mmoja alikataa kuja, nikamfuata kwao. Nyanya yake akaniuliza bila kuinuka kwenye kigoda, "Mwalimu, ni nyinyi mnamwita mjukuu wangu kobe?" Nilikosa la kusema. Siku hizi kundi lina jina la mwalimu wake, basi, na kila wiki sita tunapima upya, anayeweza anahama. Asiyehama mara mbili mfululizo, mwangalie macho na masikio kabla hujasema ni mzito. Wawili wangu walikuwa hawaoni ubao. Kituo cha kaunti cha kupima watoto wenye mahitaji maalum kipo kwa kazi hiyo, na mzazi akipewa barua ya shule huenda.

Mahudhurio nayo yaandike kwa siku, si kwa idadi tu. Utaona mashimo: siku ya soko la Bumala, wiki za palizi, na Ijumaa. Mtoto anayekosa kila siku ya soko hatashika silabi hata ukimpa mwalimu wa dhahabu. Zoezi la dawa za minyoo likifika shuleni kwako, lisimamie mwenyewe. Utafiti wa Edward Miguel na Kremer, uliofanywa pia Busia, uliona utoro ukipungua kwa robo baada ya watoto kutibiwa.

Afisa wa mtaala atakuja na tableti yake kukaa nyuma ya darasa lako. Walimu wengi humwogopa na kumfundishia somo la maonyesho. Mwonyeshe kundi la silabi. Ameona madarasa mengi kuliko mimi na wewe, na somo la maonyesho halimpi chochote cha kukusaidia.

Halafu kuna stoo. Kila shule niliyofundisha ina chumba chenye harufu ya karatasi mpya, vitabu vya hadithi vikiwa bado na kamba ya mchapishaji, na orodha nadhifu ukutani ya kumwonyesha mkaguzi. Vinafungiwa visipotee. Omba ufunguo siku ya kwanza, kabla hujazoea kunyimwa. Mimi nilijitia sahihi ya vitabu arobaini, vikaenda nyumbani na watoto kila Ijumaa. Mwisho wa mwaka vilirudi thelathini na sita, kimoja kikiwa na alama ya uji kurasa zote, na kingine kikiwa na jina la mdogo wake mwenye kukiazima limeandikwa kwa penseli, herufi moja imegeuka nyuma. Mwalimu mkuu aliandika jina langu kwa wino mwekundu kwenye daftari la stoo, vitabu vinne. Bado liko pale.