Kuhusu Amosi 7: kwa nini Mungu anaghairi mara mbili, kisha anakataa?

Ndugu, swali lako ni zuri. Angalia nabii Amosi anavyowaombea Israeli Mungu anapomwonyesha adhabu inayokuja. Katika maono ya kwanza nzige wanakuja baada ya mfalme kukatiwa sehemu yake ya majani, kwa hiyo kinacholiwa ni kile kilichobaki kwa wananchi. Amosi hasemi Israeli wametubu, wala hawatetei kwa matendo yao. Anaomba msamaha, na sababu anayotoa ni moja tu: Yakobo (yaani Israeli) atasimamaje, maana yeye ni mdogo? Na Bwana anaghairi! Katika maono ya pili, ya moto, ni vivyo hivyo. Mimi hapo huwa nasimama kila ninaposoma, kwa sababu rehema imetolewa kwa udhaifu wao peke yake.

Maono ya tatu ni timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia unyoofu wa ukuta. Fundi anajua timazi haibomoi ukuta, inaonyesha ulivyopinda. Safari hii Amosi haombi, na Bwana anasema hatawapita tena. Mara tu baada ya hapo, kuhani Amazia anamfukuza Betheli, mahali pa ibada pa mfalme, yaani anamfukuza yule yule aliyewaombea. Kisha soma 8:6 uone ukuta ulipindia wapi: maskini walinunuliwa kwa jozi ya viatu.