Kabla ya kupima mwanga kwenye jani la ngano, jua ni jani la ngapi

Msimu wangu wa kwanza wa kupima ngano niliuharibu kwa kosa dogo: nilikuwa nabana jani lolote lililokaribia mkono. Grafu zikapanda na kushuka bila mpangilio, nikadhani spektromita, kifaa kinachopima mwanga unaorudi kutoka kwenye jani, ni mbovu. Kumbe ngano huanza kuzeeka majani ya chini. Nitrojeni yake huhamishiwa majani ya juu, na baadaye punje. Lile la mwisho kabisa, lililo karibu na suke, hubaki kijani muda mrefu kuliko mengine. Nilikuwa nalinganisha mzee na kijana.

Kwa hiyo hesabu kutoka juu, uandike namba ya jani kabla hujawasha kifaa.

Jani lenyewe nalo halizeeki kwa pamoja. Ngano hukuza jani lake kutoka kwenye kitako, hivyo ncha ndiyo sehemu kongwe, na njano huanzia huko. Ukisogeza kibanio cha kifaa sentimita chache tu, umeshapima umri mwingine. Mimi hubana katikati ya urefu wa jani, pembeni ya mshipa mkuu, kila mara.

Jani bichi hufyonza karibu mwanga wote wa bluu na mwekundu. Kijani huakisiwa kidogo, kwenye nanomita 550 hivi (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Ukipita nanomita 700 mstari wa grafu hupaa ghafla, na karibu nusu ya mwanga usioonekana kwa macho hurudi. Hapo klorofili, rangi ya kijani ya jani, haihusiki tena, ni kuta za seli na nafasi za hewa ndani ya jani zinazoutawanya. Mpando huo ndio ninaokusihi uutazame kuliko kitu kingine. Klorofili ikianza kupungua, mpando husogea upande wa mawimbi mafupi, mara nyingi wakati jicho lako bado linaona kijani kitupu; bonde la grafu kwenye nanomita 670, ambako mwanga mwekundu hufyonzwa, hupungua kina baadaye. Njano huja baadaye, kwa kuwa karotenoidi, rangi za njano za jani, huchelewa kuondoka.

Mabonde ya maji, pale maji ya jani yanapofyonza mwanga karibu na nanomita 1450 na 1940, hujaa taratibu jani linapokauka. Ila jani lililokatwa nalo hunyauka upesi, na kwenye grafu utadhani limezeeka. Lipime likiwa bado kwenye shina. Ukilazimika kulikata, liweke kwenye mfuko uliofungwa, penye kivuli, na uandike saa uliyolikata.